Tanga mpaka Angola kwa baiskeli: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu nirudi toka Angola Agosti 2024 sijapita Ngamiani, hapa Tanga mjini, nikafika ninakokwenda kwa wakati. Huyu ananisimamisha mbele ya duka la spea, yule ananiita barazani, kaka ebu njoo tuambie ulifikaje fikaje. Maswali ni yale yale, na majibu yangu nimeona yanabadilika kulingana na njaa niliyonayo siku hiyo, so nimeamua kuyaandika yote mara moja. Atakayeniuliza tena namtumia hii.

Kwanini Angola? Ile si nchi ya vita?

Ilikuwa. Walipata uhuru Novemba 1975 na vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza hapo hapo, ikaenda miaka 27. Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, aliuawa Februari 2002 na tarehe 4 Aprili mwaka huo huo wakasaini amani, mpaka leo siku hiyo ni sikukuu kwao. Kwahiyo kijana wa Angola wa miaka ishirini na kidogo hajawahi kusikia mlio wa vita, ila mama yake kausikia sana.

Ila baada ya vita nchi ilibaki imejifungia. Viza ilikuwa kizungumkuti, mara barua ya mwaliko mara sijui nini, watalii wakawa wanapita pembeni tu wanaishia Namibia. Mambo yamelegea juzi juzi tu: Septemba 2023 serikali ya Rais Lourenço ilifuta viza ya utalii kwa raia wa nchi 98, unakaa mpaka siku 30 kwa kuingia mara moja na zisizidi 90 kwa mwaka. Ndo nikasema mimi nitaenda sasa hivi kabla hawajajaa wenye magari yenye mahema juu.

Sababu nyingine ni ya nyumbani. Marehemu baba alikuwa anamtaja Agostinho Neto, rais wa kwanza wa Angola, kama jirani wa mtaa wa pili. Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ilikaa Dar kuanzia 1963, wapigania uhuru wengi wa huko chini walipita hapa, na wazee wetu waliwafuata redioni kila jioni. Nilitaka kupaona.

Makaratasi gani yanatakiwa?

Pasi yenye muda zaidi ya miezi sita na kurasa tupu za kutosha. Zambia na Namibia sisi Watanzania hatuombi viza kabla, unagongewa mpakani. Angola nenda ubalozini kwao pale Dar kabla hujanunua hata tyubu, uliza utaratibu wa sasa kwa mwenye pasi ya Tanzania anayeingia kwa barabara, omba wakujibu kwa maandishi, uprinti. Hizi orodha huwa zinabadilishwa, usinisikilize mimi wala mtu wa mtaani.

Kadi ya njano ya homa ya manjano ni lazima, na sio ya kununua uchochoroni. Angola ililipukiwa na homa hiyo, ilianzia Luanda mwishoni mwa 2015 ikasambaa 2016, wanaiangalia kweli. Chanja mapema maana inahesabika baada ya siku 10.

Fotokopi za pasi toa nyingi. Polisi wa barabarani watakusimamisha, watasema "documentos", unawapa fotokopi huku unatabasamu. Mimi nilibeba 15 nikarudi na mbili.

Ulipita wapi?

Nitasema ukweli ambao wengi hawaupendi: sikutoka Tanga nikinyonga. Nilipakia baiskeli kwenye basi mpaka Dar, kisha Lusaka, kisha Livingstone, ndo nikaanza kukanyaga. Sina miezi mitatu ya likizo mimi, nina watoto. Toka Livingstone nikaenda Sesheke (mashimo, mashimo, mashimo), nikavuka kuingia Namibia kwa Katima Mulilo, nikanyoosha ile barabara ya ukanda mwembamba wa Zambezi mpaka Rundu, nikashika ya mpakani kupitia Nkurenkuru na Eenhana, nikatokea Oshikango. Upande wa pili wa geti panaitwa Santa Clara, hapo ndo Angola. Halafu Ondjiva, Xangongo unapovuka mto Kunene, Cahama, Lubango, ukashuka Quilengues kwenda Benguela, ndo ukafuata pwani kupitia Sumbe na Porto Amboim mpaka Luanda.

Livingstone mpaka Santa Clara weka kama kilomita 1,100, na Santa Clara mpaka Luanda kama 1,300 na ushee.

Anayetaka kutoka nyumbani kabisa namshauri asipite Mikumi na Kitonga. Mikumi ni hifadhi, na Kitonga yale malori yanashuka yananuka breki, baiskeli haina nafasi pale. Shika Korogwe, Handeni, Turiani, Dumila, ingia Dodoma, teremka Mtera upandishe Nyang'oro kwenda Iringa. Nyang'oro itakutoa roho kidogo lakini angalau unatolewa roho na mlima, sio na lori.

Na kuna wanaosema mbona usikate moja kwa moja toka Zambia, kupitia Mongu na Kalabo, si inaonekana karibu kwenye ramani. Ramani haioneshi mchanga. Kule mashariki, Moxico na uliokuwa mkoa wa Cuando Cubango, ndo vita ilipopigwa sana, ardhi ina mambo yake (soma chini kwenye mabomu). Kwa safari ya kwanza achana nako.

Kwa siku nahesabu kilomita ngapi?

Hapa ndo wengi wanakosea, na mimi nilikosea. Watu wanakaa na simu wanagawanya: 1,300 gawanya kwa 100 kwa siku, siku 13, tutabakiza siku 17 za kuogelea. Hapana. Kwanza hesabu siku zilizoandikwa kwenye pasi, halafu hesabu sehemu zenye maji, na kilomita utazijua zenyewe. Siku nyingine nilikwenda 40 kwasababu kisima kilikuwa kwenye 40 na kinachofuata kiko kwenye 110. Siku nyingine nilikwenda 115 kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa wastani wangu ilikuwa 70 kwa siku nikiwa kwenye baiskeli. Ina maana siku 19 za kunyonga, ukiongeza za kupumzika na kufua siku 30 zinaanza kubana. Mimi tumbo lilinilaza Ondjiva siku nne, nikiwa nimeshagongewa muhuri na siku zinahesabika huku nakimbilia chooni. Ilibidi mwishoni nipande basi toka Sumbe. Ukizidisha siku faini yao inahesabiwa kwa siku, sio ya kumpa mtu soda.

Mwezi gani mzuri?

Juni mpaka Agosti. Mvua zao zinaanza Oktoba Novemba huko mpaka Aprili, na msimu mkavu wanauita kasimbo, anga inakuwa kijivu pwani, hakuna jua kali. Mimi niliingia Angola mwezi Juni.

Ila baridi jamani. Sisi wa Tanga tukisikia Angola tunafikiria joto. Lubango iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, Huambo hivyo hivyo, usiku wa Juni na Julai ni Lushoto tupu, tena Lushoto bila blanketi. Beba sweta zito na soksi mbili. Mimi nilidharau nikalala nimevaa koti la mvua.

Vipi kuhusu mabomu ya ardhini? Ni kweli bado yapo?

Ni kweli na hili nitalisema kirefu, naomba mlisome lote.

Pande zote za vita zilitega mabomu, miaka na miaka, kwenye njia, kwenye madaraja, kuzunguka miji, kwenye mashamba, hata kwenye visima. Huambo ndo pale Diana wa Uingereza, yule aliyekuwa mke wa Charles, alipotembea kwenye njia iliyosafishwa katikati ya mabomu Januari 1997, amevaa kofia ya kioo. Mwanae Harry alirudi Septemba 2019 akakuta pale pale ni mtaa, watu wanapita na mikate. Kwahiyo kazi imefanyika, kubwa sana. Lakini haijaisha.

Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni nini? Lami haina shida. Barabara ya vumbi inayopitwa na magari kila siku haina shida. Shida ni ile hatua moja ya pembeni. Hapa kwetu basi likisimama konda akatangaza kuchimba dawa kila mtu anatafuta kichaka chake. Kule usichimbe dawa kichakani. Chimba dawa barabarani, kwenye lami, mgongo kwa magari, aibu utaizoea ndani ya siku mbili. Na kina dada mbebe kanga, mnajizungushia pale pale pembeni ya baiskeli, madereva wa kule wanaelewa sana kwanini na hawatapiga hata honi.

Usiache barabara kufuata kivuli. Mti mzuri uko mita 50, unaona kabisa kivuli, na hakuna kijia cha miguu kwenda pale. Jiulize kwanini kijiji kizima hakuna anayekaa chini ya mti ule. Ukiona kijia kimekanyagwa na watu na ng'ombe, bado uliza kwanza. Ukiona kibao chekundu chenye fuvu kimeandikwa "Perigo Minas", au mawe yamepakwa rangi nyekundu, hapo ni mpaka, hata kama mpira wa mtoto umeangukia ndani. Usiokote chuma chochote. Usihamishe gogo lililolala njiani. Lori lilipopata hitilafu na kuacha njia ya kupita pembeni kwenye majani, mimi nilisubiri nusu saa wasogeze, watu walinicheka kidogo, sawa tu.

Kama hili limekutisha, vizuri. Ndo maana nimesema mashariki tusiende.

Baiskeli gani niende nayo?

Jibu fupi: ile ambayo fundi wa Pongwe anaweza kuitengeneza bila kuuliza mtu.

Jibu refu. Nilienda na baiskeli ya mtumba ya chuma, tairi inchi 26, breki za mpira za kubana rimu, gia saba tu nyuma. Vijana hapa mjini walinicheka, wana baiskeli za aluminiamu zenye breki za mafuta. Zile nzuri sana ukiwa Raskazoni jioni. Zikiharibika Cahama utazipeleka wapi? Kule kote, kama huku, baiskeli za vijijini ni zile nzito za Kichina na Kihindi, kwahiyo spoku, tyubu, mnyororo, gololi unapata, hata kama havikai sawa sawa vinakaa. Na pikipiki za Kichina zimejaa kila kona, ina maana fundi yupo kila kona.

Kisa changu. Katikati ya Cahama na Chibemba fraiwili iligoma, nanyonga miguu inazunguka tairi halizunguki, kama mtu anayemsukuma punda asiyetaka. Lori la mbuzi likanipakia mpaka Chibia. Fundi wa pikipiki, kijana mdogo, haongei Kiswahili siongei Kireno, aliifungua juu ya gunia, akatoa visahani vimejaa vumbi na grisi imekuwa kama ugali, akaosha na petroli, akaweka gololi mpya, akafunga. Dakika 40. Alikataa hela nikamwachia spana namba 15 ambayo aliikodolea macho muda wote. Sasa fikiria ningekuwa na ile hab (kitovu cha tairi) ya bei mbaya.

Vya kubeba: tyubu nne, viraka na solusheni mbili (solusheni ikifunguliwa inakauka, ndo maana mbili), spoku kumi za saizi yako hasa sio za kukisia, kipande cha mnyororo, waya za breki, pampu ya chuma sio ya plastiki, na tairi moja la akiba limekunjwa. Miba ya migunga kusini mwa Angola haina huruma. Keria iwe ya kuchomelewa, mimi nilichomelewa Makorora kwa nondo ya milimita 8, haijatikisika mpaka leo.

Ni kweli wanaendesha kulia?

Ndio, Angola ni kulia. Tanzania, Zambia, Namibia zote kushoto, ukivuka geti la Santa Clara unahamia upande mwingine wa dunia. Kioo changu cha pembeni kilikuwa mkono wa kulia, nikakihamishia kushoto pale pale mpakani. Hatari sio barabara kubwa yenye magari mengi maana pale unawafuata wenzako, hatari ni asubuhi unatoka kijijini barabara tupu, akili bado ya Tanga, unajikuta uko kushoto umetulia kabisa mpaka lori linakuja usoni. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye usukani upande wa kulia. Kikanisaidia.

Maji?

Ondjiva mpaka Lubango kama kilomita 400, kavu. Mkoa wa Cunene wanakula ukame kila baada ya miaka michache. Nilibeba lita 8, madumu mawili ya lita 3 kwenye keria na chupa kwenye fremu. Watu watakupa maji ukiomba, lakini uone kwanza mama kayatoa wapi, kama kayachota kilomita sita kichwani usimwombe lita tano. Yote tia vidonge vya klorini au chemsha. Mimi yaliyonilaza Ondjiva nilikunywa hivi hivi kwasababu yalikuwa ya baridi.

Ulilala wapi, na kwa mwanamke peke yake inafaa?

Mijini gesti, ni ghali kuliko kwetu, jiandae. Vijijini hema, lakini sio unapopenda wewe. Unaingia kijijini kabla ya saa kumi na moja jioni, unaulizia soba, ndo mkuu wa kijiji wa jadi. Unavua kofia, unasalimia, unaeleza umetoka wapi, yeye anakuonesha pa kulala. Hapo umepata vitu viwili: ulinzi, na ardhi ambayo watu wanaikanyaga kila siku.

Dada zangu walioniuliza, ningeshauri muwe wawili na mlale misheni za Wakatoliki kila inapowezekana. Masista wakarimu, milango inafungwa, na maji ya moto wakati mwingine yapo.

Lugha je? Kiingereza kinasaidia?

Hakisaidii. Kireno. Jifunzeni maneno 50: bom dia, água, estrada, quanto custa, obrigado (mwanamke anasema obrigada). Kilichonifurahisha ni zile lugha zao za asili. Umbundu njia ni onjila, ng'ombe ni ongombe, mbwa ni ombwa. Mzee mmoja karibu na Quilengues tuliorodheshana wanyama mpaka giza likaingia, kila tukipata kinachofanana anapiga makofi.

Chakula, na sisi Waislamu tunakulaje?

Ugali wao unaitwa funge. Kusini na katikati wa mahindi, kaskazini na Luanda wa muhogo, na huo wa muhogo mtu wa Tanga atacheka maana ni bada. Bada kabisa, inavutika vile vile, na samaki mkavu pembeni. Nilitaka kulia.

Nyama ya halali ni ngumu, Waislamu ni wachache sana kule. Nilikula samaki, maharage, mayai, ndizi, mikate. Uliza kila kitu kimepikwa na nini, maana soseji ya nguruwe wanaitumbukiza hata kwenye maharage. Sala unapunguza kama msafiri yeyote. Ila kibla angalia vizuri: hapa Tanga tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, kule ni kaskazini mashariki. Niliswali siku mbili nimeelekea kwa mazoea ndo nikashtuka.

Hela?

Sarafu yao inaitwa kwanza, na hapa huipati. Nenda na dola mpya zisizo na mikunjo na dola za Namibia kidogo, pale Oshikango wapo wa kubadilisha, hesabu mwenyewe mara mbili kabla hujaachia zako. Mashine za benki zipo mijini tu.

Wanyama wakali?

Angola kwenye njia hii, hapana. Namibia, ndio. Kati ya Kongola na Divundu ni kama kilomita 200 ndani ya hifadhi ya Bwabwata, tembo wanavuka lami na simba wapo. Nilitoka Kongola asubuhi jua limeshachomoza (sio kabla), nikapumzika kijijini Omega, nikalala hapo hapo. Tembo niliwaona mara mbili. Unasimama mbali, unasubiri wamalize shughuli zao.

Nifanye mazoezi gani?

Tanga Pangani na kurudi kwa siku moja, ukiwa na mzigo kamili. Halafu Mombo Lushoto, zile kilomita 33 za kupanda, mara tatu kwa miezi miwili. Ukiweza hiyo unaweza Angola. Na ukifika Lubango usikose kwenda kuitazama Serra da Leba, barabara inajikunja kama utumbo wa mbuzi ikiporomoka kuelekea Namibe. Mimi nilishuka nusu nikakumbuka kwamba nilichoshuka nitakipanda.

Picha?

Piga watu kwa ruhusa, milima piga tu. Polisi, wanajeshi, madaraja, viwanja vya ndege, simu mfukoni.

Baiskeli ulirudi nayo?

Nilirudi nayo. Luanda mpaka Santa Clara kwa basi, dereva akataka ilipiwe kama abiria na akaniambia nisifungue mdomo, ikalala juu ya magunia ya vitunguu. Oshikango mpaka Livingstone kwa malori mawili na basi moja, halafu Lusaka, Dar, Tanga. Jumla siku tisa za kukaa kwenye siti, na niwaambie, matako yaliuma kuliko siku zote za kunyonga. Kitambaa chekundu bado kipo kwenye usukani, mwanangu ndo anaendea nayo shule Chumbageni na kila siku ananiuliza lini tutakitoa.